Turufu Ngapi Zimetoka?

Anayejifunza karata Tanga hufundishwa kunyamaza kwanza, kucheza baadaye. Husimama nyuma ya mtu mzima, akaziona karata za mkono mmoja tu, na akithubutu kuguna pale ree inapotupwa mahali pa garasa, atasikia: "Wewe kijana, toka hapo, unatoa siri za watu!" Ndivyo mafunzo yanavyoanza katika vijiwe vya Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, baada ya alasiri, kahawa ikipita na kashata. Hakuna ada, hakuna cheti, na mwalimu mwenyewe hajui kwamba ni mwalimu. Pamoja na hayo nasema bila kusita kwamba hili ni darasa bora la ufundi huu kuliko lolote linalouzwa leo kwenye simu kwa jina la poka.

Mchezo ninaousifu ni wahedi wa sitini. Kwa asiyeujua: pakiti ya karata 52 hupunguzwa, nane, tisa na kumi zikawekwa kando, zikabaki 40. Aina ni zile zile nne tulizoachiwa na Wareno, kopa, uru, pau na shupaza. Ree ina pointi 11. Seti, yaani ile saba, ina 10. Wanaofuata hujitangaza kwa majina yao: mzungu wa nne ana pointi 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Karata nyingine zote ni magarasa, hazina kitu. Kwa hiyo kila aina ina pointi 30, pakiti nzima 120, na upande utakaofika 61, namba iliyoupa mchezo jina lake, umemaliza ubishi. Aina moja huwa turufu, na hapo ndipo dunia inapopinduka, maana garasa la turufu hula ree ya aina nyingine, na mwenye ree hana la kufanya ila kutazama mali yake ikiondoka. Kanuni ndogondogo hubadilika kutoka kijiwe hadi kijiwe, hata idadi ya karata zinazotolewa, na mgeni mwenye adabu huuliza kabla hajakaa.

Pwani yetu ina mchezo mwingine wenye heshima kubwa zaidi, nao ni bao. Wazee hulisifia, wasomi wameliandikia. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa Zanzibar miaka ya 1990 ili ajue akili ya mtu inaweza kuona mbali kiasi gani. Mimi pia nalipenda. Lakini bao liko wazi. Mashimo 32, kete 64, zote mbele ya macho ya wachezaji na ya watazamaji na ya mtoto aliyetumwa kununua mkate akasahau kurudi. Aliyefungwa bao amefungwa kwa kutoona kilichokuwepo. Kwenye karata unatakiwa uamue huku nusu ya habari imefichwa kifuani mwa mwenzio, na poka ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo lile swali linalowasumbua wanaojifunza poka, nifuate hesabu au nifuate moyo, lina jibu la zamani barazani kwetu, ingawa hakuna aliyelitoa kwa mpangilio. Jibu ni kwamba moyo usiohesabu hauna la kukuambia.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayodharauliwa. Turufu ni 10. Ukiwa umeshika 3 na umeona 4 zikipita, basi 3 ziko kwa wengine, na kila itakayotoka huna budi kuipunguza papo hapo, katikati ya kelele na utani na mtu anayeuliza habari za mkopo wake. Wanaoanza wengi hufika hapo wakajiona mafundi. Hesabu wanayoisahau ni ya pointi. Mtu ambaye upande wake umeshakula 52 anahitaji 9 tu. Seti moja inamtosha na chenji inabaki. Ila utamwona anatoa turufu yake kubwa kuikimbiza ree ambayo haimsaidii kitu, kwa kuwa ree inang'aa machoni na 9 haing'ai. Fundi hucheza akijua mpaka uko wapi. Akishauvuka, anaweza kuacha hata mali ya wazi iende, na watazamaji watashangaa amepatwa na nini.

Halafu kuna hesabu ya kilichofichwa, ambayo nataka kuikaribia zaidi. Chukua watu wawili, karata tatu mkononi kwa kila mmoja, zilizobaki zimelala kifudifudi isipokuwa moja iliyofunuliwa kuonyesha turufu. Imefunuliwa kopa. Ree ya kopa hujaiona tangu mchezo uanze. Je, anayo? Kama karata ambazo hujaziona ni 20, yaani tatu za mkononi mwake na 17 zilizolala, basi katika michezo 100 ya hali hiyo atakuwa nayo katika 15. Karata usizoziona zikipungua zikawa 10, atakuwa nayo katika 30. Zikiisha za kuokota, zimebaki zile tatu alizozishika tu, na kama hujaiona mpaka hapo basi anayo, huna haja ya kubashiri. Hofu ile ile ya ree ya kopa inapaswa kuwa na uzito tofauti mwanzo, katikati na mwisho. Asiyehesabu huibeba kwa uzito mmoja tangu karata ya kwanza, ndiyo maana huchoka mapema na kucheza kwa woga pale ambapo hapana cha kuogopa.

Sasa tubaki kwenye zile karata 10. Ree ya pau ilishapita, na kopa nyingine zote zimepita au unaziona. Unatupa seti ya pau, pointi 10, iwe chambo. Kitu pekee duniani kinachoweza kuila ni ile ree ya kopa. Mwenzio anafikiri kidogo, anatupa garasa la shupaza. Umekula. Je, ree anayo?

Kabla ya kutupa seti ulikuwa na michezo 100 kichwani: 30 anayo, 70 hana. Katika ile 70 asingeweza kuila seti hata angetaka, kwa hiyo yote 70 inaishia kwenye garasa. Katika ile 30 inategemea yeye ni nani. Kama ni mtu wa pupa, ambaye akiwa na ree mara mbili katika tatu angeichapa chini papo hapo, basi 20 kati ya hiyo 30 imeondoka, imebaki 10. Hesabu mpya ni 10 katika 80, moja katika nane. Unaweza kupumua. Lakini kama ni mbahili, mmoja wa wale wanaoibana ree mpaka karata ya mwisho hata dunia iungue, basi kutupa kwake garasa hakujakuambia kitu. Ni 30 katika 100, kama ilivyokuwa. Chambo kimeliwa na samaki hayupo.

Hesabu hii ina jina. Huitwa kwa jina la Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa 1763, yeye akiwa ameshafariki. Hakuna mtu Ngamiani anayehitaji kulijua jina hilo. Anachohitaji ni kuona mahali ambapo mtu ameingia ndani ya hesabu. Ile "mara mbili katika tatu" haikutoka kwenye pakiti. Imetoka kwa mwenzio, kwa mwaka mzima wa kumtazama akifurahi, akikasirika, akijisifu na akificha. Ndipo unapoelewa kwa nini kijana alisimamishwa nyuma ya mtu mzima na kukatazwa kuguna. Alikuwa anakusanya nusu ya pili ya hesabu, ile isiyoandikwa kwenye karata. Asiyemjua mwenzake ana namba za pakiti tu, na anayemjua mwenzake bila kuhesabu hana pa kuuweka ujuzi wake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hesabu na hisia ni vitu viwili vinavyogombania kiti. Hisia ya fundi, kwa jinsi ninavyoiona, ni hesabu iliyorudiwa mpaka ikasahau njia iliyopitia. Nahodha wa Kigombe akitazama mwezi anajua bamvua ni siku gani na maji yatatoka saa ngapi. Hiyo ni hesabu na haina ubishi. Halafu anaangalia rangi ya mawingu upande wa Pemba, anaamua kutotoka, na ukimuuliza kwa nini anasema tu, "Leo hapana." Amehesabu. Hana tu subira ya kukurudishia hatua zote.

Tatizo ni kwamba mtu anayeanza naye husema "leo hapana," au mara nyingi zaidi "leo ndiyo," na sauti yake inafanana kabisa na ya nahodha. Kinachosema ndani yake ni tamaa. Tamaa ni fundi wa kujigeuza. Ikikaa kifuani inajiita hisia. Mtu huyo amefungwa mara tatu mfululizo, na sasa moyo unamwambia kwamba zamu yake imefika. Karata zilizochanganywa vizuri hazina deni na mtu. Hazijui kwamba ulifungwa, na mchezo wa nne hauwezi kukulipa wa tatu. Kuna jaribio moja la kuzitenganisha, gumu kulifanya ingawa halina maneno mengi: mwulize moyo wako ni karata gani ikitoka itaufanya ubadili mawazo. Hisia ya kweli ina jibu, "ikitoka mzungu wa nne wa kopa naacha." Tamaa haina jibu, kwa sababu haikuwa inasema juu ya karata hata kidogo.

Walioichukua poka wakaipeleka kwenye mashine wamefika mahali pa kushangaza. Poka ya kawaida sasa huanza na karata mbili mkononi, na kutoka pakiti ya 52 kuna namna 1,326 za kupata mbili hizo. Mkono wa karata tano una namna 2,598,960. Kwa muda mrefu watu walijua namba hizi wakadhani sehemu iliyobaki, ile ya kudanganya, ni kipaji cha uso. John von Neumann hakukubali. Katika makala yake ya 1928, na zaidi katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern kikatoka 1944, alionyesha kwamba hata kudanganya kuna hesabu yake. Anayeweka dau kubwa pale tu anapokuwa na karata nzuri atasomwa kirahisi, hatalipwa. Kwa hiyo ni lazima mara chache aweke dau kubwa akiwa na magarasa, na zile mara chache zina kiwango chake. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus ilicheza mikono 120,000 dhidi ya mabingwa wanne, mmoja mmoja, kwa siku 20, ikawashinda. Mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ikawashinda mabingwa katika meza ya watu sita.

Kinachonivutia katika habari hiyo si ushindi. Ni kwamba mashine hazina macho. Hazikuona jasho la mtu wala mkono uliotetemeka, na bado zilidanganya na zikagundua uongo. Walichosoma wanadamu usoni, zenyewe hazikukihitaji. Ziliangalia mpangilio wa maamuzi: nani aliweka dau lini, akaacha lini, akanyamaza lini. Na ukimsikiliza mzee wa kijiweni akieleza kwa nini alijua fulani ana seti, hatataja uso. Atasema: "Pale mwanzo aliacha pau ipite. Mtu hapitishi pau namna ile kama hana kitu cha kukilinda." Anasimulia mpangilio. Hadithi za kumsoma mtu kwa kope na midomo ni tamu kwenye filamu. Mezani, kilichochezwa husema kweli kuliko uso.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenye kusifu poka hawapendi kulisikia. Poka inahitaji pesa. Ukiicheza bure, kila mtu hufuata kila karata, hakuna anayeogopa, na kudanganya kunakosa maana kwa sababu anayedanganywa hapotezi kitu. Kwetu pesa haziwekwi. Dini inakataza kamari, na baraza lililo hatua chache kutoka msikitini haliwezi kujisahau. Sheria nayo ipo, ile ya michezo ya kubahatisha ya 2003. Lakini kijiwe kilipata dau lake jingine: aliyefungwa anainuka. Anampisha aliyekuwa anasubiri, anakaa pembeni kwenye kigogo, anasimangwa mpaka zamu imrudie. Ni dau dogo kwa mtu anayepita. Kwa mzee wa makamo anayeinuliwa mbele ya wakwe zake ni dau zito, na nimewaona watu wakihesabu turufu kwa makini kuliko wanavyohesabu mshahara. Fedheha hiyo inatosha kuufanya uongo uwe na thamani na woga uwe wa kweli, na kesho yake nyumbani kuna unga.

Tazama kinachofanyika mita chache kutoka hapo. Kijana ameinamia simu anatengeneza mkeka wa ubashiri wa mechi kumi na mbili za Ulaya, au anatia sarafu kwenye dubwi, ile mashine ya kamari. Huyu haombi kufundishwa kuhesabu, na biashara inayomngoja haitaki ajifunze. Tufanye hesabu yake kwa huruma: hata kama kila mechi angeipatia mara saba katika kumi, ubashiri mzuri sana, mechi 12 zote kwa pamoja angezipata kama mara moja tu katika mikeka 70. Mkeka ukichanika kwa timu moja husema, "Nilikuwa karibu!" Ukaribu huo ndio unaomrudisha. Mwenye dubwi amehesabu, mchezaji amehisi, na pesa imejua pa kwenda.

Nirudi kwenye starehe. Wahedi wa sitini wa watu wanne, wawili kwa wawili wakitazamana, una uzuri ambao poka haina: unamsoma pia mtu ambaye hataki kukuficha lakini haruhusiwi kusema. Uko wa tatu kutupa. Mwenzio wa upande wako amekula mpaka sasa kwa mzungu wa nne wa turufu, na mkononi una ree ya uru, pointi 11 unazoweza kumlisha. Amebaki adui mmoja. Turufu kubwa kuliko ile ya mwenzio ni mbili tu, ree na seti. Zimetoka? Kama hazijatoka, je, mwenzio angemtanguliza mzungu wa nne hivi hivi bila kushika mojawapo? Hapo unahesabu karata na unahesabu akili ya rafiki yako kwa wakati mmoja, na una sekunde chache, maana ukikawia sana adui ataelewa una kitu kizito. Viko vijiwe vinavyoruhusu kukonyezana. Sivisemi vibaya, kukonyeza bila kuonekana ni kazi yake, ila kwangu mimi mchezo hunoga pale jicho linapofungwa na karata yenyewe ikaachiwa iseme.

Na ukimlisha, adui akatoa ree ya turufu akaizoa yote? Hapo ndipo utamjua fundi. Anayeanza atajuta kumlisha. Fundi atauliza tu kama hesabu ilikuwa sawa kwa kile kilichojulikana wakati ule, na kama ilikuwa sawa, kesho katika hali ile ile atamlisha tena. Ni mambo machache sana katika maisha ya mjini yanayomfundisha mtu kutenganisha uamuzi mzuri na matokeo mazuri. Shuleni jibu likiwa sahihi unapata alama, njia haiulizwi sana. Sokoni aliyepata faida anaitwa mwerevu. Kwenye karata utafungwa ukiwa umecheza vizuri, jioni ile ile, mbele ya watu, na wale wanaojua watakuambia, "Hukukosea, bwana," na ukweli wa maneno yao unaweza kuuhesabu mwenyewe kwa vidole.

Mwenye pakiti nyumbani, iwe Tanga, Pangani au Mombasa, azitoe nane, tisa na kumi jioni ya leo, amwite kijana wake, amsimamishe nyuma yake michezo miwili bila kusema, kisha amkalishe na kumuuliza swali moja tu: turufu ngapi zimetoka? Asimfundishe kubashiri mpaka ajibu hilo bila kutazama dari. Na afanye hivyo mapema, kabla simu haijamfundisha kutengeneza mkeka.